Chupa Mbili, Glasi Tatu

Miezi minne baada ya mke wangu kufariki, nilimpigia simu shemeji yangu kumwuliza kama angekuja Jumamosi. Ni mdogo wake wa kiume. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akija kila Jumamosi saa tisa alasiri bila kuulizwa. Baada ya mazishi alikuja mara mbili, akakaa nusu saa kila mara, kisha akaacha.

"Nije kunywa nini, shemeji?" alisema. Nyuma yake vyuma vilikuwa vikigongana; ni fundi wa lifti na hupokea simu akiwa ndani ya shimo. "Ile Nyekundu yetu wameshaiua. Siku ukiipata, niite. Nitakuja mbio."

Kuhusu bia alisema kweli. Kiwanda kilikuwa kimepata wenyewe wapya, nao wakaona bia ya rangi ya kaharabu hainunuliwi vya kutosha, wakabaki na zile nyeupe. Sisi tulikuwa tukiiita Nyekundu, ingawa ukiishika mbele ya dirisha ilikuwa na rangi ya asali iliyokaa.

Mtu mwingine angesikia hapana iliyovaa nguo za heshima. Mimi nilisikia sharti. Nafanya kazi katika maabara ya idara ya maji, na kwa miaka thelathini na moja nimekuwa nikipewa masharti na kuyatimiza: klorini isipungue hapa, isizidi pale, tope lisivuke kiwango fulani. Sharti likitimia, maji yanaruhusiwa kwenda kwa watu. Sikuona kwa nini shemeji awe tofauti na maji.

Nilianza na lebo. Dirishani jikoni kulikuwa na chupa tupu ya Nyekundu ambayo mke wangu alikuwa ametia maji na kijiti cha mmea ili kiote mizizi. Niliuhamishia mmea kwenye kopo, nikaifuta chupa bila kulowesha karatasi. Kimea cha shayiri, hopsi, maji, chachu. Kileo asilimia tano. Kiwanda hakiandiki siri yake kwenye lebo, lakini tarakimu moja inatosha kumwanzishia mtu hesabu.

Mwenye duka la vifaa vya waokaji aliniagizia vingine. Kimea, yaani shayiri iliyooteshwa ikakaushwa, kilikuja cha aina tatu: cheupe, ambacho ndicho kingi, cha karameli, kinachotoa rangi na utamu, na kiasi kidogo kilichobanikwa hadi kikawa cheusi kama kahawa. Hopsi, lile ua linaloipa bia uchungu wake, zilikuwa zimeshindiliwa kuwa vidonge vya kijani. Aliniuliza naoka mkate gani. Nilimwambia mkate wa kunywa. Hakucheka. Nyumbani kwangu utani ulikuwa kazi ya wengine.

Wapo wanaonunua sharubati ya kimea iliyokwisha kutengenezwa, wakaikoroga kwa maji moto na kusema wamepika bia. Mimi nilianzia kwenye punje. Jumapili asubuhi nilisaga kilo mbili na nusu kwa kinu cha mkono, mara moja tu, punje zivunjike na maganda yabaki mazima, kwa sababu maganda ndiyo chujio. Nikazitia kwenye maji na kuyashikilia digrii sitini na saba kwa saa nzima. Katika saa hiyo wanga hugeuka sukari; joto likishuka sana unapata bia nyepesi isiyo na mwili, likipanda sana unapata uji mtamu. Ili joto lisikimbie, niliifunga sufuria kwa blanketi la upande wa mke wangu kitandani. Ndilo zito zaidi.

Kisha unachuja, unasuuza machicha kwa maji moto, unachemsha saa moja, hopsi nyingine mwanzoni na nyingine dakika kumi za mwisho. Unapoza. Unatia chachu na kufunika kwenye ndoo yenye mrija wa kutolea hewa. Wiki mbili ndooni, wiki mbili kwenye chupa. Kila pishi ni lita kumi, na kila pishi ni mwezi mmoja.

Siku ya pishi la kwanza, mshonaji wa ghorofa iliyo chini yangu alipanda kugonga mlango, sindano mbili zikiwa zimechomekwa kwenye ukosi wa gauni.

"Jirani, unapika uji wa kikosi kizima?"

Nilimweleza. Alitazama sufuria iliyofungwa blanketi, akatazama kipimajoto, akatazama daftari.

"Na yote hii ni kwa ajili ya shemeji yako aje kukaa kwenye kiti."

"Alisema nikiipata nimwite."

"Akufukuzaye hakwambii toka, jirani."

"Hakuniambia toka," nilimwambia. "Aliniambia niite."

Alinitazama kama anavyotazama nguo ambayo mteja amejikatia mwenyewe nyumbani. Kisha akaomba machicha kwa ajili ya kuku wake wa kule juu ya paa, na kuanzia hapo akawa anayafuata kila mwezi.

Pishi la kwanza lilikuwa na ladha ya sukari iliyoungua. La pili lilikuwa jepesi kupita kiasi. La tatu lilifika. Kabla ya chachu, uzito wake ukilinganishwa na maji ulikuwa moja nukta sifuri tano sifuri. Baada ya wiki mbili, moja nukta sifuri moja mbili. Hiyo ni asilimia tano, kama lebo. Rangi ilikuwa ile ile, nayo niliipima. Kwa karatasi, kazi ilikuwa imekwisha.

Kwa mdomo, haikuwa imekwisha. Nyekundu ninayoikumbuka ilikuwa na ukavu fulani mwishoni, kitu kinachoshika ulimi pembeni baada ya kumeza. Povu lake lilikuwa jembamba zaidi. Na ilikuwa laini, haikugonga kichwa. Vitabu vya upishi wa bia vinaujua ukavu huo na vinauita kosa: unatoka kwenye maganda ukiyasuuza kupita kiasi, au kwa maji yenye magadi mengi. Maji ni eneo langu. Katika pishi la nne na la tano nililifanya kosa hilo makusudi, kwa vipimo. Nilichopata ni bia iliyokosewa. Nyekundu haikuwamo.

Wakati huo Jumamosi ziliendelea kuja. Ikifika saa tisa nilikuwa nikitoa glasi kabatini kwa mazoea. Ni glasi ndefu zenye mstari wa buluu karibu na ukingo. Mke wangu alikuwa akimimina jikoni, kwa sababu sebuleni nilikuwa nikimsahihisha jinsi ya kuinamisha chupa, kisha analeta kwenye sinia, zote tatu zimejaa hadi kwenye mstari, povu juu. Kutoa glasi tatu kabatini huchukua sekunde chache. Kuzirudisha huchukua zaidi, na sijui kwa nini, maana umbali ni ule ule.

Pishi la sita nilirudi kwenye vipimo vya la tatu. La saba nililirudia hivyo hivyo, ili nijue halikuwa bahati. Lilipokuwa kwenye chupa, mshonaji aliniletea kitu kilichofungwa kwa kipande cha kitambaa cha bitana. Mteja wake alikuwa na baa aliyoifunga, na stoo yake ilikuwa na chupa moja ya Nyekundu. Kizibo kizima. Muda wa matumizi ulikuwa na wiki tatu bado.

Nilikaa na chupa ile siku nne bila kuifungua. Halafu nikamwomba mshonaji anisaidie jaribio. Unamimina glasi ndogo tatu, mbili za bia moja na moja ya nyingine, bila mwonjaji kuona. Mwonjaji aitaje ile iliyo peke yake. Kwa kubahatisha mtu hupatia mara moja kati ya tatu. Tulifanya mara kumi na mbili, yeye akimimina nyuma ya pazia la jikoni.

"Mtu mzima unacheza karata tatu na pombe," alisema kutoka nyuma ya pazia.

"Usiongee wakati wa kumimina. Sauti inatoa ishara."

"Basi nitakohoa."

Nilipatia mara nne kati ya kumi na mbili, sawa na mtu anayebahatisha. Bia yangu na ya kiwanda zilikuwa kitu kimoja.

Lakini ya kiwanda nayo haikuwa ile. Ilikuwa kama yangu: nzito kidogo, tamu mwishoni, povu nene, na ule ukavu haukuwapo. Niliandika hitimisho ambalo mtu yeyote wa maabara angeandika: kilichokosea ni kumbukumbu. Kumbukumbu haina kipimo, na mtu aliyefiwa si chombo cha kutegemewa. Nikampigia shemeji.

"Nimeipata," nilisema.

Vyuma vilinyamaza upande wake.

"Wapi?"

"Nimeitengeneza. Pishi la saba."

"Wewe?"

"Mimi."

Nilisikia mtu mwingine shimoni akimwuliza kama amekwama. "Sijakwama," alimjibu, kisha akaniambia mimi, "Haya. Jumamosi."

Alikuja saa tisa na dakika nne. Nilimsikia tangu ghorofa ya kwanza, kwa sababu akipanda hulalamika. "Jengo la ghorofa nne bila lifti," alisema mlangoni akihema, "mimi naona kama natukanwa." Alikuwa akisema hivyo kila Jumamosi kwa miaka kumi na tisa. Alikuwa amekonda kidogo, na alikaa kwenye kiti kingine, si kile chake. Kile chake kinatazamana na mlango wa jikoni.

Nilileta chupa mbili na glasi mbili, nikamimina mwenyewe. Alinusa. Akanywa. Akanywa tena.

"Nzuri," alisema.

"Lakini?"

"Nimesema nzuri, Desimali." Alinipa jina hilo mwaka nilipomwambia kwamba basi lake lilikuwa limechelewa dakika sita na nusu.

"Umesema nzuri kama mtu anayesifu mtoto wa jirani."

Aliweka glasi chini. "Siyo ile, shemeji. Usinikasirikie. Ni bia safi, hata harusini ungeipeleka. Lakini siyo ile."

Nilimletea daftari. Nilimwonyesha uzito, rangi, jaribio la glasi tatu, mara nne kati ya kumi na mbili. Alinisikiliza hadi mwisho, kitu ambacho si kawaida yake.

"Kwa hiyo ni sawasawa na ya kiwandani," alisema.

"Hakuna tofauti inayopimika."

"Na chai umetia?"

"Chai gani?"

Aligeuka akanitazama vizuri, kisha akajifuta uso kwa kiganja, kuanzia paji hadi kidevu.

"Ala," alisema polepole. "Kumbe hadi leo hujui."

Alinieleza huku akitazama meza. Mwaka wa kwanza alipoanza kuja, tulikuwa tukinunua chupa mbili, nasi tuko watatu. Mke wangu hakutaka mgeni apate pungufu, wala hakutaka mumewe aone kuna pungufu. Jikoni kulikuwa na birika la chai kavu ya asubuhi, imepoa, haina sukari, imefunikwa kisahani. Alikuwa akifunika kila kitu kwa kisahani. Akaigawa kwenye glasi, akamimina bia juu yake.

"Nilimfuma siku moja nilipofuata barafu," shemeji alisema. "Ameshika birika kama mwizi. Nikamwambia, dada, nunueni ya tatu, hata mimi nitakuja nayo. Alicheka. Alisema keshaizoea, na hata nyinyi mmeizoea. Halafu alisema ukimaliza chupa nzima peke yako unaanza kutuhadithia klorini."

"Sijawahi."

"Harusi ya binamu yetu. Dakika arobaini."

Sikubisha. "Na hukuniambia. Miaka yote."

"Aliniapisha. 'Mdogo wangu,' alisema, 'ukimwambia tu, ataanza kupima.'"

Niliinuka nikaenda jikoni. Nilijaza glasi maji hadi kwenye mstari wa buluu, nikayamimina kwenye kopo la vipimo. Mililita mia nne. Chupa moja ni mia tano. Chupa mbili ni elfu moja, glasi tatu ni elfu moja na mia mbili. Mia mbili zilikuwa zikitoka mahali fulani kila Jumamosi, mezani pangu, mbele ya macho yangu, na kazi yangu ni kutafuta kinachoongezeka ndani ya maji. Kileo cha asilimia tano kilikuwa kikishuka hadi nne nukta moja saba, ndiyo maana haikugonga kichwa. Povu jembamba lilikuwa la chai. Ukavu nilioutafuta miezi miwili kwenye maganda ya shayiri ulikuwa wa majani ya chai yaliyokaa kwenye birika tangu asubuhi.

"Ndiyo umeanza," shemeji alisema nyuma yangu, mlangoni.

"Chai yenyewe ilikuwa kali kiasi gani?"

"Nitajuaje mimi? Rangi ya ukuta wa lifti za zamani, zile za mbao."

Tulichemsha chai, tukaiacha kwenye birika, tukaipoza kwenye beseni la maji kwa sababu hakuna aliyetaka kungoja hadi kesho. Yeye aliegemea ukuta akiuchezea ule mmea kwenye kopo. Ulikuwa na majani manane sasa. Chai ilipopoa nilifungua chupa mbili nyingine. Nilitoa glasi tatu, kwa kuwa hesabu ni ya glasi tatu, nikapima chai sitini na saba, sitini na saba, sitini na sita. Nikataka kumimina bia.

"Usiinamishe," alisema. "Yeye alikuwa hainamishi."

Sikuinamisha. Nikaleta kwenye sinia. Safari hii alikuwa amekaa kwenye kiti chake.

Nilijua kabla ya kumeza. Wepesi ulikuwa pale, povu lilikuwa pale, na mwishoni ule ukavu ukashika ulimi pembeni, mahali pake hasa. Daftarini lipo neno kwa hali hiyo, nalo ni "imelingana". Shemeji alikuwa ameishika glasi kwa mikono yote miwili, akiutazama mlango wa jikoni. Glasi ya tatu ilikuwa kwenye sinia.

Tulikaa hivyo muda ambao sikuupima.

"Ndiyo maana niliacha kuja," alisema hatimaye. "Hiki kiti kinatazama kule." Akakohoa. "Haya, Desimali. Mpimaji ni wewe. Ndiyo yenyewe?"

Sharti lilikuwa fupi. Siku ukiipata, niite. Nilikuwa nimeipata, nilikuwa nimemwita, naye alikuwa amekuja. Sharti likitimia, faili hufungwa na mtu hurudi kwake. Kwa miaka thelathini na moja nimeandika matokeo ambayo hayakumpendeza meneja, hayakumpendeza mkuu wa idara, na mara moja hayakunipendeza mimi mwenyewe. Sijawahi kuandika ambayo si kweli.

"Bado," nilisema.

"Bado?"

"Chai imezidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Ndilo la kutafuta. Jumamosi ijayo nitapunguza mililita tano. Ikiwa bado, tano nyingine Jumamosi inayofuata."

Alinitazama. Midomo yake ilicheza kidogo. Mafundi nao wanajua hesabu.

"Mia mbili, tano tano," alisema. "Hizo ni Jumamosi arobaini."

"Arobaini."

"Na ya mwisho tutakuwa tunakunywa bia isiyo na chai kabisa, ambayo leo hii tumeshasema siyo."

"Hapo tutaanza kuongeza."

Aliinua glasi akanywa hadi chini, akaiweka, akaizungusha kidogo juu ya meza kama anakaza skrubu.

"Kweli imezidi," alisema. "Kidogo."

Aliondoka saa kumi na moja na nusu, kama zamani. Nilimsikia akishuka ngazi akilalamika, na ghorofa ya chini nikasikia mshonaji akimwuliza kama yeye ndiye shemeji, na yeye akijibu kwamba inategemea ni nani anauliza.

Nilisafisha glasi mbili. Kwenye daftari niliandika: pishi la saba, chai mililita mia mbili, kileo nne nukta moja saba. Kwenye nafasi ya matokeo niliandika: bado. Niliitazama ile ya tatu kwenye sinia. Povu lilikuwa limekwisha, na bia ilikuwa imesimama sawasawa kwenye mstari wa buluu. Kuimwaga sikuona sababu, na kuinywa haikuwa yangu. Nikaifunika kwa kisahani.